Kura ya Februari

Hesabu ilifanyika katika darasa la watoto wadogo,
viti vimepimwa kwa makalio ya miaka saba,
nasi watu wazima tumejikunja, magoti kidevuni,
kama waliorudishwa shule kwa kufeli.
Ubaoni, kwa chaki: KUBAKI. KUTOKA.
Mwalimu Juditha ndiye aliyeandika.
Mkono haukumtetemeka,
ila chaki ilikatika mara mbili.

Mimi nilipewa kazi ya kufunua karatasi.
Vidole vyangu vina mazoea:
miaka kumi na mmoja namenya kamba
katika kiwanda kile pale chini, gati la pili.
Kichwa huku, ganda kule, nyama kwenye ndoo.
Kutoka. Kutoka. Kubaki. Kutoka.
Kubaki, kubaki.
Hii imechorwa samaki. Imeharibika.

Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Mbwa wa mume wangu wamejiviringa thelujini,
kila mmoja mkia puani,
kamba zao zote zimefungwa chuma kimoja.

Pavia, mume wangu, hushika darubini usiku
kama wenzake washikavyo kitabu cha sala.
"Njoo uone," huniita, "mji mzima umesimama baharini,
taa zinawaka, na humo hamna hata mmoja wetu.
Wanazoa chewa kwa ruhusa ya meza
ambayo sijawahi kuiona hata miguu."
Meza iko Bruseli. Pavia hutamka jina hilo
kana kwamba anatema mwiba.

Na mimi humjibu kwa taa.
Taa ya zahanati, usiku ule Aviaja
alipokuja ametanguliza miguu,
na daktari ameinama, jasho linamtiririka.
Ubavuni mwake palikuwa na bamba dogo:
zawadi ya Umoja, kwa lugha sita.
Nilizisoma zote sita kati ya uchungu na uchungu.
Yetu haikuwamo.
Lakini mtoto alitoka, Pavia. Alitoka analia.

Tulinuniana wiki tatu.
Supu ya sili iliiva, tukainywa,
kijiko changu kikagonga bakuli, chake kikajibu.
Mzee Kornelius, mjomba wake, alikuja kutupatanisha
akaishia kula na kusikiliza redio ya Nuuk.
Alipokuwa akivaa glavu ndipo aliposema:
"Nilipokuwa baharia nilisikia kuna nchi zenye nyoka,
na huko husema fimbo ya mbali haiui nyoka.
Sisi nyoka hatuna.
Tuna fimbo tu, na umbali."
Hadi leo sijajua alikuwa upande gani.

Kubaki. Kutoka. Kutoka.
Chaki ya Juditha inakwaruza vijiti vitano vitano.
Rundo moja linapanda, jingine linalifukuza,
na mtu nyuma anakohoa, asitake kikohozi chake
kidhaniwe ni shangwe.

Kisha nikaifunua yangu.
Niliijua kwa kona iliyoliwa na unyevu wa glavu
na doa la mafuta, umbo la kidole gumba.
Wiki tatu nimeitetea ile taa.
Nikasoma kwa sauti ileile:
Kutoka.
Usiniulize. Penseli ilifungwa uzi mfupi,
na pale nyuma ya pazia, kwa mara ya kwanza,
hapakuwa na mtu aliyenipa kitu.

Tulirudi bila kusemezana, theluji ikilia chini ya buti.
Meli zilikuwa bado palepale, zinawaka.
Pavia hakuzitazama. Alikwenda kuwatupia mbwa samaki.

Aviaja alikuwa hajalala.
Ameketi mlangoni, buti miguuni,
la kushoto kulia, la kulia kushoto,
mwanasesere ndani ya mfuko wa plastiki.
Neno hilo amelisikia mwezi mzima.
"Tunatoka lini?"

Nikamvua buti moja.
La pili alikataa.